SOMO LA LEO: USIISUGUE HIYO SARAFU! Jinsi ya kuikagua, kujua gredi yake na kuiuza sarafu ya dhahabu ya kumbukumbu ya Marekani

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae vizuri. Kama uko njiani, lihifadhi usome ukifika.

Mwaka jana dada mmoja anayefuatilia ukurasa huu alinitumia picha inboksi. Anaishi Ohio, Marekani. Kazi yake ni kununua vitu kwenye nyumba ambazo wenyewe wamefariki au wamehamia kwa watoto wao. Anachukua vyombo, saa na mapambo, kisha anaviuza mtandaoni kimoja kimoja. Siku hiyo, ndani ya kisanduku cha hereni na vikuku, alikuta kisarafu cha dhahabu kidogo sana, unaweza kukifunika kwa ncha ya kidole. Kimeandikwa McKinley Dollar, mwaka 1916.

Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Kaka, nimekipata hiki. Kilikuwa na weusi weusi, nikakisugua na dawa ya meno mpaka kikawaka. Nikiweke bei gani?"

Nilikaa kimya kama dakika tano, sijui nimwanzie wapi. Maana sehemu nzuri ya faida yake ilikuwa imeshabaki kwenye mswaki.

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu wengi wetu tunauza vitu vilivyotumika: saa, simu, viatu, mikoba, vitabu. Kosa la yule dada tunalifanya kila siku kwa namna tofauti. Tunadhani mteja analipia kitu kinachong'aa, kumbe kwa bidhaa nyingine mteja analipia kitu ambacho hakijaguswa. Sarafu za dhahabu za kumbukumbu ndizo zinazofundisha jambo hili vizuri kuliko bidhaa yoyote ninayoijua. Twende taratibu.

1. HIZI SARAFU NI ZIPI HASA?

Kati ya 1903 na 1926 serikali ya Marekani ilichapa sarafu za dhahabu za kukumbuka watu na matukio. Hazikutengenezwa za kununulia mkate. Ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko ile iliyoandikwa juu yake, na ile ziada ikasaidia kugharamia maonyesho au jengo la kumbukumbu. Wakusanyaji wanaziita "za zamani" ili wasizichanganye na zile za kisasa zilizoanza kutolewa mwaka 1984.

Ukihesabu kwa aina na mwaka, ziko 13:

• 1903, dola 1, mbili: moja ina sura ya Rais Jefferson, nyingine ya Rais McKinley. Zilikuwa za maonyesho makubwa ya St. Louis, kukumbuka miaka 100 tangu Marekani ilipoinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803.

• 1904 na 1905, dola 1: Lewis na Clark, wasafiri waliovuka bara mpaka bahari ya Pasifiki. Zilikuwa za maonyesho ya Portland, Oregon. Sarafu hii ina sura ya mtu pande zote mbili, Lewis huku na Clark kule.

• 1915, maonyesho ya San Francisco ya kusherehekea Mfereji wa Panama, sarafu nne: dola 1, dola 2 na nusu, na dola 50 mbili. Moja ya hizo dola 50 ni duara na nyingine ina pembe nane. Zote nne zina herufi S, kwa maana zilichapwa San Francisco.

• 1916 na 1917, dola 1: McKinley tena, safari hii kuchangia jengo la kumbukumbu pale alipozaliwa, Niles, Ohio.

• 1922, dola 1, mbili: Rais Grant, moja ina nyota ndogo na nyingine haina.

• 1926, dola 2 na nusu: miaka 150 ya uhuru wa Marekani, maonyesho ya Philadelphia.

Ukiondoa zile nne za 1915, zote zilizobaki zilichapwa Philadelphia na hazina herufi ya kiwanda. Mtu akikuonyesha ya 1926 yenye herufi S, mrudishie taratibu, usibishane naye.

Angalia pia hili: McKinley yuko kwenye sarafu za 1903 na kwenye za 1916 na 1917. Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Kabla hujaandika tangazo, soma maandishi ya pande zote mbili na uangalie mwaka. Ukikosea hapo, mnunuzi mzoefu anajua dakika hiyo hiyo kwamba hujui unachouza, na ataanza kukubana bei.

2. IDADI ILIYOCHAPWA ISIKUDANGANYE

Wauzaji wengi hukimbilia kuandika "adimu sana". Sasa sikiliza kisa cha zile za 1903.

Zilichapwa 250,000 kwa ujumla. Aliyepewa kazi ya kuziuza ni Farran Zerbe, mtu aliyezijua sarafu vizuri. Bei ikawekwa dola 3 kwa sarafu ya dola 1. Watu wakagoma. Mwananchi wa kawaida alijiuliza, kwa nini nitoe dola tatu nipewe dola moja? Zerbe akajaribu kila mbinu. Nyingine akaziuza zikiwa zimepachikwa kwenye vijiko, bruchi na pini za tai. Mwisho wa yote zikaingia mikononi mwa watu takriban 35,000 tu, za Jefferson na McKinley zikijumlishwa pamoja. Zilizobaki zilirudishwa kiwandani zikayeyushwa.

Hapo kuna masomo mawili. La kwanza ni la biashara yoyote ile: aliingiza mzigo mkubwa kabla hajajua soko linataka kiasi gani. La pili ni la sarafu: idadi iliyochapwa haikuambii kitu. Uliza zilibaki ngapi.

Tazama tofauti hii. Ya 1926 zilichapwa 200,226, zikabaki takriban 46,000. Dola 2 na nusu ya 1915 zilichapwa zaidi kidogo ya 10,000, zikabaki 6,749. Zile dola 50 kubwa, ambazo ziliuzwa dola 100 kila moja, zilichapwa zaidi ya 1,500 kwa kila umbo, lakini zilizouzwa ni 483 za duara na 645 za pembe nane. Zile nyingine zote ziliingia kwenye tanuru.

Lakini hata zilizobaki si mwisho wa hesabu. Swali la tatu ndilo wengi hawaliulizi: zilinunuliwa na nani?

Chukua Lewis na Clark. Zilibaki zaidi kidogo ya 10,000 kwa kila mwaka. Nyingi zilinunuliwa na watu wa kawaida waliokwenda kutembea kwenye maonyesho. Mtu anatia mfukoni, anampa mtoto achezee, anaipeleka kwa sonara aitengenezee kidani. Sasa chukua Grant. Hizo zilitoka takriban 5,000 tu kwa kila aina, yaani nusu yake. Lakini nyingi zilikwenda kwa wakusanyaji na wafanyabiashara wa sarafu, watu wanaojua kutunza. Matokeo yake ni kwamba leo kupata Grant safi kabisa ni rahisi kuliko kupata Lewis na Clark safi kabisa, ingawa Grant ziko chache.

Umeona? Kitu kinaweza kupatikana kwa wingi kikiwa kimechoka, na kikawa adimu kikiwa kizima. Kwa hiyo bei inakwenda na hali ya kitu. Na hali ndiyo tunayoiita gredi.

3. GREDI NI NINI NA INASOMWAJE?

Ukishawahi kufungua robota la mtumba unajua gredi ni nini. Kwenye sarafu kinachotumika ni namba, kuanzia 1 hadi 70. Mfumo huu ulianzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za zamani za shaba za Marekani, halafu ukaenea kwa sarafu zote.

Kwa sarafu zetu hizi, ujue sehemu mbili tu kwanza:

AU, namba 50 hadi 58. Hii imetumika au imebebwa kidogo. Sehemu zilizoinuka zimeanza kulika.

MS, namba 60 hadi 70. Hii haijalika hata kidogo. Tofauti ndani ya kundi hili ni alama, mng'ao na mvuto. MS-60 inaweza kuwa na alama nyingi kweli, na bado ikaitwa MS kwa sababu haijalika. MS-65 kwenda juu ndiyo wakusanyaji wanagombania.

Unapoikagua, angalia vitu vinne kwa mpangilio huu:

Kwanza, kulika. Washa taa moja tu, ishike sarafu kwenye ukingo, iinamishe taratibu. Sarafu isiyolika ina mng'ao unaozunguka uso wake unapoigeuza, kama miale ya gurudumu. Mng'ao ukikatika pale palipoinuka na pakawa pamefifia, hapo imelika. Kwa zile za McKinley na Jefferson, anza na mfupa wa shavu. Kwa dola 1 ya 1915, ambayo ina kichwa cha kibarua aliyevaa kofia, angalia kofia.

Pili, chapa. Wakati mwingine kitu kinaonekana kimefutika kumbe hakikuchapwa vizuri tangu kiwandani. Ya 1926 ina tatizo hilo: picha yake haikuinuka sana, na mara nyingi haikutoka vizuri. Utatofautishaje? Palipolika panakuwa laini na pamefifia. Palipochapwa kidogo pana mng'ao ule ule wa sehemu nyingine. Ukishazoea kuona tofauti hii, tayari umewaacha nyuma wauzaji wengi.

Tatu, alama za kugongana. Dhahabu ni laini, na sarafu zikigusana zinaachiana alama. Uliza alama iko wapi. Iliyo katikati ya shavu inaumiza kuliko iliyojificha kwenye herufi au nywele.

Nne, mvuto wa jumla. Ishike mbali kidogo uitazame kama mteja. Inapendeza? Rangi yake iko sawa? Vidoa vyekundu vyekundu visikutishe. Sarafu hizi ni asilimia 90 dhahabu na asilimia 10 shaba, na ile shaba huonyesha vidoa na miaka. Mnunuzi mzoefu anavijua na anavivumilia. Asichovumilia ni wewe kuvisugua.

4. KWA NINI KUSUGUA KUNAUA BEI

Ule mng'ao tuliousema unatokana na mistari midogo mno ambayo chuma laini lilijiandika wakati wa kubanwa na mihuri kiwandani. Huioni kwa macho, ila mwanga unaiona. Dawa ya meno ina chembechembe za kukwangua. Ukisugua unaiondoa ile mistari, unaweka ya kwako, myembamba kama nywele, imekwenda ovyo. Sarafu itawaka, ndiyo, ila itawaka kama kijiko kipya na siyo kama sarafu. Na mistari ile ikishaondoka hairudishwi na fundi yeyote.

Kwa hiyo orodha ya makatazo ni hii: usitumie dawa ya meno, ndimu, magadi, wala kitambaa cha kung'arishia vito. Usimpe sonara aisugue kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu. Usiiguse uso kwa vidole, shika ukingo, tena juu ya kitambaa laini ili ikikuponyoka isigonge meza. Na usiihifadhi kwenye vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali, vinaacha utando wa kijani.

5. UKAGUZI WA MEZANI: HALISI AU FEKI?

Vifaa ni vitatu: mizani ya sonara, rula ya kubana ya kupimia milimita, na kioo cha kukuza. Vipimo vyenyewe ni hivi:

• Dola 1: gramu 1.672, upana milimita 15.
• Dola 2 na nusu: gramu 4.18, upana milimita 18.
• Dola 50: gramu 83.59, upana takriban milimita 44.

Ikikataa uzito kwa tofauti ya kueleweka, sitisha hapo hapo. Jaribu na sumaku pia. Dhahabu haivutwi. Lakini kutovutwa hakuthibitishi kitu, maana hata shaba haivutwi.

Kuna wanaopenda kipimo cha maji walichokiona kwenye video: unapima kavu, unapima ikiwa majini, unagawanya uzito wa kavu kwa uzito uliopungua. Dhahabu ya asilimia 90 inatakiwa itoe takriban 17.2. Kipimo ni cha kweli, ila kwa dola 1 kinadanganya. Uzito unaopungua majini ni kama gramu 0.097 tu. Mizani yako ya desimali mbili itakusomea 0.10 au 0.09. Ukigawanya unapata 16.7 au 18.6. Umejifunza nini hapo? Hakuna. Bila mizani ya desimali tatu, usijisumbue.

Sasa tatizo kubwa zaidi. Feki nyingi za sarafu za dhahabu zimetengenezwa kwa dhahabu ya kweli. Ndiyo, ya kweli! Kama sarafu inauzwa mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo, tapeli anaweza kununua dhahabu halali, akaichapa, na bado akapata faida. Hiyo mizani itaipitisha na sumaku itaipitisha.

Hapo ndipo kioo cha kukuza kinapofanya kazi. Angalia mambo haya:

Vishimo au vinundu vidogo vilivyojirudia. Sarafu feki mbili zikitoka kwenye muhuri mmoja zinakuwa na kasoro ile ile mahali pale pale. Sarafu mbili halisi haziwezi kugongwa sehemu ile ile kwa namna ile ile.

Herufi nene, zilizovimba, kama sabuni iliyotumika. Nyingi za kumimina kwenye kalibu zinakuwa hivyo.

Mistari ya ubavuni. Inatakiwa iwe imenyooka na imelingana, bila mshono wowote.

Alama ya kulehemu. Kumbuka vijiko na bruchi za Zerbe. Sarafu iliyotolewa kwenye pini au mkufu inaacha uvimbe au rangi tofauti ukingoni, kwa kawaida juu ya kichwa. Ni halisi, lakini ina jeraha, na jeraha linatakiwa kutajwa.

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1973, sarafu ya kuiga inatakiwa iwe na neno COPY. Ukilikuta hilo, una pambo, huna sarafu. Usipolikuta, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu tapeli hafuati sheria.

6. WAPIMAJI NA MAKASHA YAO

Zamani muuzaji ndiye aliyekuwa anasema gredi, na mnunuzi anabishana naye. Kuanzia 1986 ilipoanza kazi kampuni ya PCGS, na 1987 ilipokuja NGC, biashara ilibadilika. Unapeleka sarafu, unalipa, wataalamu wanaikagua bila kujua ni ya nani. Kama ni halisi wanaifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye gredi na namba ya usajili.

Zingatia haya matatu:

Moja, hata kasha linafekiwa. Chukua namba ya usajili, iweke kwenye tovuti ya kampuni husika, ulinganishe. Kama kuna picha, linganisha picha na sarafu uliyonayo, alama kwa alama.

Mbili, sarafu iliyosafishwa au kulehemiwa haipewi namba kamili. Wataandika ni halisi, wataeleza hali yake na kasoro yake.

Tatu, kupima kuna gharama: ada, posta, bima. Kabla hujatuma, piga hesabu kama gredi itakurudishia hizo pesa.

7. HESABU YA BEI YA CHINI

Kabla hujauza, jua dhahabu iliyomo ina thamani gani, ili usije ukauza chini ya hapo kwa haraka ya kodi ya nyumba.

Njia: uzito mara 0.9, halafu mara bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hiyo.

Tuseme gramu moja ni dola 100. Huu ni mfano tu, nimechagua namba rahisi.

• Dola 1: 1.672 × 0.9 = gramu 1.50. Kwa mfano wetu ni kama dola 150.
• Dola 2 na nusu: 4.18 × 0.9 = gramu 3.76, kama dola 376.
• Dola 50: 83.59 × 0.9 = gramu 75.23, kama dola 7,523.

Hiyo ndiyo sakafu. Kilicho juu ya sakafu ni historia, uchache na gredi. Ili kujua juu kuna kiasi gani, usiangalie bei ambazo wauzaji wameweka, maana kila mtu ana haki ya kuota. Angalia minada iliyokwisha, bei ambazo watu wamelipa kweli, kwa sarafu ya aina ile ile na gredi ile ile. Ukilinganisha ya kwako ya AU na ya mwenzio ya MS-66, unajidanganya mwenyewe.

8. TANGAZO LINALOUZA

Kanuni yangu ni fupi: kasoro itangulie, mteja asiigundue yeye. Na kama sarafu haijapimwa, usijipachikie MS-65 kichwani mwa tangazo. Andika "haijapimwa", weka picha kali, mwache mnunuzi aamue.

Picha ziwe angalau tano: mbele, nyuma, ubavu, ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, na ikiwa juu ya mizani. Usitumie filta. Filta inakuletea mteja leo na mzigo uliorudishwa kesho.

Hili hapa ndilo tangazo tuliloandika na yule dada wa Ohio, unaweza kulitumia kama mfano:

"Dola 1 ya dhahabu, kumbukumbu ya McKinley, 1916. Gramu 1.67, milimita 15. Imepimwa na kuthibitishwa kuwa halisi, hali ya AU, imesafishwa, kama ilivyoandikwa kwenye kasha. Niliisafisha mwenyewe kabla sijajua. Mikwaruzo myembamba inaonekana ukiiinamisha, tazama picha ya nne. Hakuna alama ya kulehemu. Unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 kasha likiwa halijafunguliwa."

Aliposoma lile neno "niliisafisha mwenyewe" aliniambia, "Kaka, hapa unaniharibia biashara." Nikamwambia, "Dada, kasha limeshasema imesafishwa. Mteja atajiuliza tu kama wewe unaficha kitu kingine."

Akaliacha. Siku ya tatu akaandikiwa na mzee mmoja wa huko huko Ohio. Yule mzee alikuwa anakusanya vitu vya McKinley, hakuwa na shida na gredi kubwa wala hakuwa na pesa yake. Alitaka sarafu halisi ya kujaza pengo, kwa mtu ambaye hatamzungusha. Alilipa bei ya juu ya sakafu, siyo ile ambayo sarafu ingeleta kama mswaki usingeigusa. Kisha akamwandikia: ukipata kingine cha McKinley, nianzie mimi.

Faida ya sarafu moja ilipungua. Mteja akabaki.

KWA KUFUPISHA

1. Tambua ni ipi kati ya zile 13. Soma pande zote mbili.
2. Usiulize zilichapwa ngapi. Uliza zilibaki ngapi, na zilibaki katika hali gani.
3. Pima uzito na upana, kisha tumia kioo. Mizani peke yake haitoshi.
4. Jua sakafu ya dhahabu kabla hujataja bei.
5. Taja kasoro kabla hujaulizwa.
6. USISUGUE.

Kazi ya nyumbani: chagua bidhaa moja uliyonayo dukani ambayo umeing'arisha, umeipaka au umeiwekea filta ili ionekane mpya. Jiulize, mteja wa bidhaa hii anataka mpya au anataka halisi? Niandikie jibu kwenye komenti, nitazipitia zote. Na kama una ndugu huko Marekani anayeuza vitu vya zamani, mtumie somo hili kabla hajashika mswaki.

Tukutane kwenye somo lijalo. Biashara njema!